Mbingu ya Nguo na Jinsi ya Kuinyosha

Mwezi huu napenda kuwaandikieni habari ya kazi moja tuliyoifanya hapa Ipililo, katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Ni kazi ya kuonyesha picha ya nyota ndani ya kuba, na kuirekebisha picha hiyo hata ikafanana na mbingu yenyewe. Sisemi kwamba ni kazi kubwa. Lakini imenifundisha jambo ambalo naona lamfaa kila mwalimu, na kila mzazi aliye na mtoto shuleni, nayo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Kwanza yafaa tujue shida yenyewe ni nini. Twaa chungwa, ulimenye polepole ganda lisikatike, kisha ulilaze ganda mezani na kulikandamiza lipate kulala bapa. Halikubali, lapasuka pembeni. Sasa fanya kinyume: twaa karatasi, ujaribu kuibandika ndani ya kibuyu kilichopasuliwa. Nayo haikubali, yafanya mikunjo. Mwanahesabu wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha mwaka 1827 kwamba jambo hili halina dawa: uso ulio bapa hauwezi kugeuzwa kuwa uso wa tufe pasipo kunyoshwa mahali fulani au kufinywa mahali pengine. Ndiyo maana ramani za dunia hupotoka. Katika ramani iliyochorwa kwa kanuni ya Mercator ya mwaka 1569, kisiwa cha Greenland huonekana kana kwamba chalingana na Afrika, hali Afrika ni kubwa kuliko kisiwa hicho mara 14. Mchoraji hakusema uongo. Tufe limelazimishwa kuwa karatasi, basi.

Shida yetu ni hiyo hiyo iliyogeuzwa. Picha itokayo katika projekta ni bapa, tena ina pembe nne. Ukiitupa juu ya ukuta ulionyooka, hutulia. Ukiitupa ndani ya kuba, ambalo ni nusu ya tufe, mistari iliyonyooka hupinda, duara huwa yai, na nyota zilizo karibu hutengana.

Watu wa ng'ambo walianza zamani kushindana na jambo hili. Tarehe 21 Oktoba 1923, mjini Munich katika Ujerumani, kampuni ya Carl Zeiss ya Jena ilionyesha chombo cha kutupa nyota juu ya kuba, kilichobuniwa na mhandisi Walther Bauersfeld. Nyumba yenye chombo cha namna hiyo wataalamu waiita planetaria. Hila yake ilikuwa hii: chombo kilisimama katikati ya kuba, nacho kilikuwa na lenzi nyingi zilizoizunguka taa, kila lenzi ikitupa kipande kidogo cha mbingu mbele yake. Kipande kidogo cha kuba hakitofautiani sana na ukuta, kwa hiyo upotofu haukuonekana. Walakini chombo kile cha kwanza kiliweza kuonyesha mbingu ya Munich tu. Mtu wa kwetu angaliketi chini yake, asingaliiona kamwe nyota ya Suheli, ile ambayo mabaharia wa pwani waliitumia kujua kusini ni wapi, maana huko Munich Suheli haichomozi hata siku moja.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta na projekta, nayo ina njia mbili zijulikanazo sana. Njia ya kwanza ni kuweka katikati ya kuba projekta yenye lenzi iitwayo jicho la samaki, ambayo hutupa nuru pande zote kwa mara moja. Ni njia njema, lakini lenzi yake ni ya bei kubwa, tena chombo hukaa mahali pale pale ambapo mtu angependa kuketi. Njia ya pili ilitengenezwa na Paul Bourke alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Swinburne, mjini Melbourne, Australia, katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Yeye alichukua projekta ya kawaida akaiweka ukingoni, ikaangaza kioo kilichobinuka, na kioo kikaitawanya nuru juu ya kuba. Gharama yapungua sana. Lakini hapo upotofu wawa mara mbili: kuna ule wa kuba, na juu yake kuna ule wa kioo.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia katika kupeleka kuba kwa watoto badala ya kungoja watoto waje mjini. Susan Murabana na mumewe Chu Owen walianzisha mwaka 2014 shirika liitwalo The Travelling Telescope, nao huzunguka shuleni na darubini pamoja na kuba la kujazwa hewa. Habari zao ndizo zilizotutia moyo. Tuliona kwamba kama kuba laweza kusafiri kwa gari, basi laweza pia kushonwa kijijini.

Kazi yetu ilianza Januari 2023. Wazazi walichanga fedha kwa ajili ya nguo, na mkutano wa kuchanga haukuwa mwepesi. Mzazi mmoja alisimama akasema wazi kwamba amerikani ile ingefaa kushonwa mashati ya watoto, wala haoni faida ya kumwonyesha mtoto nyota za nguo, hali nyota zenyewe ziko juu ya paa lake kila usiku bila malipo. Neno lake halikuwa la upuuzi. Nilimjibu kwamba nyota za juu ya paa hatuwezi kuzisimamisha wala kuzirudisha nyuma ili mtoto aone mwendo wao wa mwaka mzima katika saa moja. Nyota za nguo twaweza. Akakubali kuchanga, ila akasema, "Basi mwalimu, ziwe zenyewe." Neno hili "ziwe zenyewe" sikulisahau.

Kwanza tulijenga kiunzi. Wajenzi wa nyumba za msonge hawakuhitaji kufundishwa kupinda fito. Wao ndio waliotufundisha sisi. Kiunzi kilikuwa na upana wa mita 4 na kimo cha mita 2, nacho kilisimamishwa darasani juu ya miguu ya mita 1, ili mtoto akiketi mkekani katikati, macho yake yawe karibu usawa wa ukingo wa kuba. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi.

Kisha ikaja kazi ya nguo, na hapo fundi cherehani akawa mwalimu wetu. Mimi nilikuwa na hesabu mkononi. Yeye alikuwa na kofia. Akanionyesha kwamba kofia ya kukaa vizuri kichwani haishonwi kwa vipande vilivyo pembe tatu, maana ikishonwa hivyo huchongoka kama paa la msonge. Kipande sharti kitune ubavuni, mfano wa kipande cha chungwa. Hesabu nayo ilisema neno lile lile. Kwa kuba letu tulikata vipande 12. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa mita 3 na sentimita 14, na upana wa sentimita 105 chini. Pembe tatu ingalikuwa na upana wa sentimita 52 katika nusu ya urefu wake. Lakini kipande chetu pale kilikuwa na sentimita 74, na hizo 52 kilizifikia kilipopanda theluthi mbili za urefu. Vilipounganishwa nguo ikalala juu ya fito bila kunyanzi. Hivyo upotofu wa kwanza uliondolewa kwa mkasi, kabla ya taa yo yote kuwashwa.

Kioo tulipata cha namna ile iwekwayo kwenye njia panda na madukani. Kioo cha namna hiyo kina ila yake: rangi yake ya kurudisha nuru imepakwa nyuma, kwa hiyo nuru hurudi mara mbili, kidogo kutoka uso wa mbele na nyingi kutoka nyuma, na kila nyota kubwa huwa na kivuli cha nyota kando yake. Vioo vilivyotengenezwa kwa kazi hii hupakwa mbele, navyo havina ila hiyo, lakini bei yake ilitushinda. Projekta na kompyuta ndogo ya kukunja tuliazima. Programu ya nyota iitwayo Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau, hutolewa bure kwa watu wote.

Jioni ya kwanza tuliwasha, tukaita wazee kadhaa waje kutazama pamoja na watoto wa darasa la saba. Nyota zilijaa nguoni, na watoto wakapiga kelele za furaha. Mzee mmoja, ambaye amechunga ng'ombe tangu udogo wake, alinyamaza kimya. Alitazama sana, kisha akauliza, "Mwalimu, nani aliyekigeuza Kilimia?"

Nikamwomba aeleze. Akaonyesha kwa fimbo yake. "Mlango huu wa darasa waelekea machweo, sivyo? Nami naona zile nyota tatu zilizo katika mstari zimetangulia kuelekea mlangoni, na Kilimia chafuata nyuma kama ndama. Si hivyo. Kilimia hutangulia, zile tatu hufuata. Tena hapa Kilimia kimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe." Watoto wakanyamaza. Yule mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, mtoto huyu akitoka hapa usiku akaangalia juu, atamwamini nani, wewe au mbingu?"

Mzee alisema kweli tupu. Kioo chochote kimoja hugeuza kushoto kuwa kulia, kama ujionavyo ukinyoa ndevu. Na kioo kilichobinuka hunyosha na kufinya zaidi ya hapo. Yeye hakujua habari za vioo wala za kompyuta, lakini alikuwa na kipimo ambacho hakipotoki, yaani mbingu aliyoihifadhi kichwani kwa miaka mingi ya kulala nje na mifugo. Baba zetu walipokiona Kilimia mashariki wakati wa jioni, mwezi wa Novemba, walijua kwamba majembe yawe tayari. Mtu aliyepangia njaa na shibe yake kwa nyota hizo hawezi kudanganyika kwa picha.

Sasa niwaeleze jinsi picha iliyopotoka inavyonyoshwa, maana jambo lenyewe ni la ajabu kidogo. Mtu hudhani kwamba ainyoshe picha pale nguoni. Haiwezekani; ikisha kutoka haishikiki tena. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na picha nayo hukunjwa ingali ndani ya kompyuta. Hukunjwa kinyume. Kama kioo na kuba vitaivuta nyota upande wa kulia kwa kiasi cha shibiri, basi kompyuta huitanguliza kushoto kwa kiasi kile kile, ili upotofu wa kioo uikute na kuirudisha mahali pake. Ukiitazama picha hiyo katika kompyuta, ni mbaya sana, imejikunja kama jani lililokauka. Lakini ikisha kupita kiooni na kufika nguoni, hunyoka.

Kompyuta hufanya kazi hiyo kwa mfano wa wavu wa kuvulia. Picha ya asili ni duara moja: katikati ya duara ni utosi wa mbingu, na ukingo wake ni upeo wa macho. Nyota iliyo nusu ya njia kutoka upeo hadi utosi hukaa nusu ya njia kutoka ukingo hadi katikati. Juu ya picha hutandazwa wavu, na katika kanuni aliyoiweka Paul Bourke kila fundo la wavu lina namba tano. Mbili husema fundo likae mahali gani katika picha itokayo. Mbili husema rangi yake itwaliwe mahali gani katika picha ya asili. Ya tano husema nuru yake iwe kiasi gani.

Namba hizo hazibuniwi. Hutokana na vipimo. Programu hutaka kujua nusu ya upana wa kuba, mahali kioo kilipo, mahali projekta ilipo, na tena kioo chenyewe ni kipande cha tufe la ukubwa gani. Hili la mwisho liliwapendeza watoto, maana tufe lenyewe halipo. Tuna kipande chake tu. Lakini hesabu yalifunua. Kioo chetu kilikuwa na upana wa sentimita 60, na kina cha mbinuko wake kilikuwa sentimita 10. Nusu ya upana ni 30. Zidisha 30 kwa 30, upate 900. Zidisha kina kwa kina, upate 100. Jumla ni 1,000. Gawanya kwa kina mara mbili, yaani 20. Jibu ni 50. Basi kioo chetu ni kipande cha tufe ambalo kutoka katikati yake hadi ukingoni ni sentimita 50. Mtoto mmoja aliuliza kama aweza kupima hivyo hivyo chungu kilichovunjika na kujua kilikuwa kikubwa kiasi gani. Aweza, kama tumbo la chungu lilikuwa la mviringo kamili.

Kwa kupima kama picha imenyoka, hatukutazama nyota kwanza. Tulionyesha duara za kupandana, mfano wa mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani, moja kwa kila digrii 30. Kabla ya hapo watoto walikuwa wametengeneza kipimapembe kwa ubao, uzi na kijiwe. Mmoja aliketi katikati, akapima digrii 30 na digrii 60 pande zote, na wenzake wakabandika vijikaratasi nguoni alipoelekeza. Kisha taa ikawashwa. Mara ya kwanza duara zilipita vijikaratasi kama ng'ombe apitaye zizi. Tulisogeza kioo, tukapima upya, tukaingiza namba, tukawasha tena. Kazi hiyo ilituchukua jioni nne. Jioni ya nne duara zilikaa juu ya karatasi, ila chini nyuma ya kioo, ambako nuru haifiki. Pale palibaki giza, nasi tulipaacha hivyo.

Habari ya nuru nayo ina fundisho lake. Upande ulio karibu na kioo ulikuwa mweupe mno, na upande wa mbali ulififia, kwa kuwa nuru ile ile imetandazwa mahali papana zaidi. Mtoto mmoja alitaka tuuongezee mwanga upande wa mbali. Lakini projekta haina nuru ya akiba. Imekwisha kutoa yote iliyo nayo. Dawa ni kuupunguza upande wa karibu hata ulingane na ule dhaifu. Hiyo ndiyo kazi ya ile namba ya tano. Mbingu yetu ikawa hafifu kidogo, lakini ikawa sawa pande zote. Amerikani nayo ilitusaidia, kwa kuwa si nyeupe kabisa. Kuba jeupe sana hujimulika lenyewe, upande huu ukiutupia nuru upande ule, na weusi wa usiku ukawa kijivu. Ndiyo sababu wajenzi wa makuba makubwa hawapaki rangi nyeupe tupu, bali hupaka ya kijivu.

Liko jambo moja ambalo hakuna hesabu iwezayo kuliondoa. Picha iliyonyoshwa, imenyoshwa kwa ajili ya mtu aliyeketi katikati. Nyosha mkono wako mbele, ukunje ngumi. Ngumi hiyo yafunika digrii 10 hivi za mbingu. Mtoto wa katikati, akiwa mita 2 kutoka nguo, akiona nyota mbili ukingoni zimeachana ngumi moja, yuko sawa na mbingu. Lakini mwenzake aliyeketi mita 1 kando, nguo ya karibu naye iko mita 1 tu. Kwake nyota hizo zaachana ngumi mbili. Akigeuka kutazama upande wa pili, ulio mita 3 mbali naye, ngumi yapungua ikawa kama theluthi mbili. Wote wawili wana macho mazima, wote wawili watazama nguo moja. Kwa sababu hiyo tuliweka zamu, kila mtoto aketi katikati kwa kitambo, asiwepo hata mmoja aliyeonja ukingo tu.

Tarehe 20 Februari 2023 mwezi ulikuwa mwandamo, na usiku ulikuwa wa giza. Tuliwaonyesha watoto ndani ya kuba mbingu ya usiku ule ule, saa tatu, wakaipima kwa ngumi zao. Kutoka nyota nyekundu Betelgeuse hadi nyota nyeupe Rigel, ambazo zote mbili ni za kundi la Orioni, ni ngumi mbili kasoro kidogo. Kutoka Sirius hadi Suheli ni ngumi tatu na zaidi ya nusu. Walipima pia kimo cha Suheli kwa kile kipimapembe cha ubao. Kisha tukafungua mlango, tukatoka wote uwanjani.

Hapa kwetu tuko karibu digrii 3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo zile nyota tatu za ukanda wa Orioni hupita karibu kabisa na utosi. Mtu hulazimika kuinamisha kichwa nyuma kuziona. Watoto walikunja ngumi. Mara sauti zikaanza kusikika gizani: "Mbili kasoro!" "Suheli hii hapa, arobaini!" Kilimia kilikuwa kimetangulia kuelekea machweo, zile tatu zikifuata. Yule mzee alikuwapo. Hakusema neno la sifa. Aliwaambia watoto tu kwamba Suheli ikionekana hivyo, kusini ni pale, na mtu aliyepotea porini aweza kurudi nyumbani.

Likabaki jaribio moja, nalo lilikuwa kwa ajili ya mzazi yule aliyesema "ziwe zenyewe". Ndani ya kuba tuliupeleka usiku mbele, siku baada ya siku. Watoto wakaona Zuhura na Mshtarii, zilizokuwa zikionekana magharibi baada ya jua kutua, zikikaribiana kila jioni, hata jioni ya tarehe 1 Machi zikasimama pamoja. Wakaandika tarehe hiyo katika madaftari, wakaenda kuwaambia wa nyumbani. Jioni ilipofika, watu wengi walisimama nyuani mwao wakiangalia machweo. Zuhura iling'aa, na Mshtarii ubavuni mwake, karibu hata kidole kidogo cha mkono ulionyoshwa kiliweza kuzifunika zote mbili. Yule mzazi alikuja shuleni kesho yake kuuliza kama watu wazima nao waruhusiwa kuingia ndani ya kuba.

Wenzangu walimu, tunaloweza kujifunza hapa naona ni hili. Kila tunachomfundisha mtoto kwa picha, kwa ramani, au kwa mfano wa udongo, kimepita katika kioo fulani kabla ya kumfikia, na kioo hicho kina mbinuko wake. Haitoshi kusema kwamba chombo ni kipya na watoto wamefurahi. Walifurahi hata ile jioni Kilimia kilipogeuzwa. Yatupasa kukijua chombo kwa kipimo, na kupinda somo kinyume cha upotofu wake kabla halijatoka, na kisha kulipeleka likapimwe na kitu chenyewe. Sisi wa vijijini tuna bahati katika jambo la nyota. Watu wa miji mikubwa wana makuba ya fahari, lakini taa za barabarani zimewafichia mbingu, hata hawana pa kuyapimia. Sisi kipimo chetu kiko nje ya mlango, na wazee wanaokijua wangali hai. Tuwaite mapema, wala tusingoje picha iwe kamili ndipo waje kuisifu.

Mwalimu atakaye kujaribu kwa chumba kidogo, namwachia vipimo vya kuba lenye upana wa mita 3. Akate vipande 12. Kila kimoja kiwe na urefu wa mita 2 na sentimita 36. Upana wake uwe sentimita 79 chini, sentimita 56 katika nusu ya urefu, na sentimita 39 katika theluthi mbili, kisha kipungue hata kuwa ncha. Aongeze sentimita 2 kila upande kwa ajili ya mshono. Amwonyeshe fundi cherehani hesabu hiyo kabla ya kukata, na fundi akimwambia neno juu ya kofia, amsikilize.